Nchi ya Wahamaji na Hesabu ya Watu Wake

Mwaka 1959 makarani wa sensa ya Kisovyeti walipita kwenye mabonde ya milima ya Tian Shan, Asia ya Kati, na hesabu ilipokamilika, Wakirgizi walionekana kuwa wachache ndani ya Kirgizia, nchi yenye jina lao. Kati ya watu milioni 2 na ushee, wao walikuwa kama asilimia 40 tu. Warusi peke yao walifika asilimia 30. Waliobaki walikuwa Wauzbeki, Waukraine, Wajerumani, Watatari, Wadungani na wengineo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 7 ndani ya eneo lilelile. Safari hii Wakirgizi ni zaidi ya robo tatu, Wauzbeki ni asilimia 14 hivi, na Warusi wamebaki kama asilimia 4.

Majedwali haya mawili yamenikaa kichwani tangu nilipokuwa nasoma Bishkek, mji mkuu wa nchi hiyo. Mimi ni Mtanzania, nimekulia kwenye nchi ambayo sensa yake haijamuuliza mtu kabila tangu 1967. Bishkek swali hilo huulizwa kwenye daladala, sokoni, hata na dereva wa teksi ambaye hamtaonana tena. Nikijibu kwamba ni Mtanzania, naulizwa tena: sawa, hiyo ni nchi, lakini wewe mwenyewe ni nani? Hawakuwa wakiuliza kwa ubaya. Kwa watu waliopita kwenye mikono ya Umoja wa Kisovyeti, uraia ni jambo moja na taifa la mtu ni jambo jingine, na hilo la pili liliandikwa kwenye pasipoti ya kila mtu mzima kwa miongo mingi.

Kadiri nilivyozidi kusoma historia ya nchi ile ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jedwali lake la makabila ni orodha ya safari, nyingi zikiwa za kulazimishwa. Nyuma ya kila asilimia kuna watu waliofika wakikimbia kitu au waliopakiwa kwenye treni bila kuulizwa, na wengine waliofunga mizigo wakaondoka. Walioligeuza jedwali hilo kuwa hati miliki ya ardhi wamewaletea wenzao maafa, na nitafika huko.

Nianze na milima, maana ndiyo iliyowafinyanga wenyeji. Kirgizia ina kilomita za mraba karibu laki 2, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni milima. Wastani wa mwinuko ni mita 2,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele kirefu kuliko vyote, Jengish Chokusu, kinafika mita 7,439. Mtu akisikia neno wahamaji huwaza uwanda usio na mwisho na watu wanaotangatanga. Mkazakhi wa zamani kweli alihama kwenye uwanda, mwendo mrefu kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi. Mkirgizi alipanda na kushuka. Majira ya baridi alikaa chini bondeni, kwenye kambi ya kujikinga na upepo. Theluji ilipoanza kuyeyuka alipanda na mifugo hatua kwa hatua, hadi mwezi wa Juni akawa juu kabisa kwenye jailoo, yaani malisho ya kiangazi, mahali kama kandokando ya ziwa la Song-Kul lililo mita 3,000 angani. Huko juu walikamua farasi jike na kuchachusha maziwa yake yakawa kymyz. Kondoo walinenepa, arusi zilifungwa, kesi za koo zilisikilizwa. Septemba ikikaribia wakashuka.

Nyumba yao ilikwenda nao. Boz uy ni hema la duara, fito zake zimefumwa kama wavu, juu yake hufunikwa na mazulia mazito ya manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Hufunguliwa na kubebwa na wanyama wachache. Duara la mbao la paa, tunduk, ndilo lililowekwa katikati ya bendera ya taifa, ndani ya jua lenye miale 40 kwa ajili ya makabila 40 ya hadithi ya Manas, shujaa wa utenzi wao mkuu. Hadi leo familia nyingi hupanda jailoo kila kiangazi, ingawa sasa mizigo hubebwa na lori na mwenye mifugo ana simu inayotumia paneli ya jua.

Kwa watu wa namna hiyo, mali ya kwanza ni kujua wewe ni wa nani. Mtoto alifundishwa kutaja majina ya baba saba kurudi nyuma, na wazee wa zamani walikuwa wakali juu ya hilo kwa sababu ya ndoa: waliokutana ndani ya vizazi saba hawakuoana. Juu ya ukoo kulikuwa na kabila, na juu ya kabila kulikuwa na mabawa mawili, la kulia na la kushoto, pamoja na kundi la tatu la kusini linaloitwa Ichkilik. Wabugu walikaa mashariki mwa Issyk-Kul, Wasolto bonde la Chuy, Wasaruu Talas, Waadygine milima ya kusini karibu na Osh. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa Naryn akitaja babu zake bila kusita, kisha akamgeukia mjukuu wake na kumtaka afanye hivyohivyo. Mtoto alifika wa tano. Mzee hakucheka.

Chini, kwenye bonde la Fergana, walikaa watu wengine: wakulima wa pamba na matunda, mafundi, wafanyabiashara wa masoko ya Osh na Uzgen. Kabla ya karne ya 20, mpaka kati ya watu wa bondeni na watu wa mlimani ulikuwa zaidi wa maisha kuliko wa damu. Mlimani walifuga, bondeni walilima na kuuza, na wote waliswali kuelekea upande mmoja na kutawaliwa na khan mmoja, mtawala wa dola ya Kokand. Mfugaji aliyeishiwa mifugo alishuka akawa mkulima, na wajukuu zake wakazungumza kama majirani zao. Nani basi alikuwa Muuzbeki na nani Mkirgizi? Kwa watu wengi wa wakati ule swali lenyewe lisingekuwa na maana, na sensa ya kwanza ya dola ya Urusi, ya 1897, haikuwauliza taifa. Iliuliza lugha ya mama na dini.

Warusi walikuwa wameingia kwa ngome na mikataba kuanzia miaka ya 1850 na 1860, na Kokand ikafutwa kabisa 1876. Nyuma ya askari wakaja wakulima. Warusi na Waukraine wenye njaa ya ardhi walipewa mashamba kwenye mabonde bora ya kaskazini, yaleyale ambayo wafugaji waliyategemea wakati wa baridi. Hapa pana jambo ambalo watawala wengi wa kigeni hawakutaka kulielewa, iwe kule au kwetu Afrika Mashariki: malisho yasiyo na mtu mwezi wa Julai hayajaachwa. Mwenyewe yuko juu mlimani, na atayahitaji Desemba. Ukimnyang'anya bonde umemnyang'anya mwaka mzima.

Mwaka 1882 walifika pia Wajerumani, Wakristo wa madhehebu ya Kimenoniti waliokataa kushika silaha, wakajenga vijiji vyao Talas.

Lakini safari inayonigusa kuliko zote ni ya Wadungani. Hawa ni Waislamu wanaozungumza Kichina, na asili yao ni majimbo ya Shaanxi na Gansu. Waliasi dhidi ya dola ya Qing, iliyoitawala China, kuanzia 1862, na uasi ule ukazimwa kwa mauaji makubwa. Waliosalia walirudi nyuma kuelekea magharibi mwaka hadi mwaka, mpaka wakafika ukingoni mwa China na wakawa hawana pengine pa kwenda isipokuwa juu ya Tian Shan. Walivuka majira ya baridi ya 1877 kuamkia 1878, wakiwa na wanawake, wazee na watoto, kwenye njia ambazo hata kiangazi ni za kuogopesha. Wengi walibaki kwenye theluji. Kundi moja, lililoongozwa na Bai Yanhu, lilishukia karibu na Tokmok, jingine Karakol, jingine Osh.

Waliofika walikuwa masikini wa kila kitu ila ujuzi wa kilimo. Walileta mbogamboga, mchele na namna ya kumwagilia bustani, na mpaka leo sehemu kubwa ya vitunguu na pilipili za kaskazini hutoka kwenye mashamba yao. Karakol walijenga msikiti wa mbao uliokamilika 1910, fundi wake mkuu akiwa ametoka China, na mbao zikaunganishwa bila misumari. Paa lake limepinda kama la hekalu la Kichina, rangi zake ni kijani, nyekundu na njano, na kwenye nakshi zake kuna joka. Mji huohuo una ashlan-fu, tambi baridi zenye siki, pilipili na vipande vya jeli ya wanga, ambayo Wakirgizi, Warusi na Wauyguri huila asubuhi kwenye benchi moja. Lugha ya Wadungani ni Kichina kinachoandikwa kwa herufi za Kirusi. Sensa ya 2009 iliwahesabu 58,000 hivi, zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwenye jedwali ni mstari mmoja ambao jicho hupita haraka.

Baada ya miongo minne tu, njia zile za milimani zilivukwa tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Katikati ya 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza, Tsar, mfalme wa Urusi, alitoa amri ya kuwachukua wanaume wa Asia ya Kati kwenda kufanya kazi za mikono nyuma ya medani. Wafugaji waliokwisha kupokonywa mabonde yao waliasi, na wakaua walowezi wengi wa Kirusi na Kiukraine. Jibu la jeshi na la walowezi wenye bunduki lilikuwa la kuangamiza. Wakirgizi wa kaskazini walikimbia kwenda China kupitia vipito virefu huku theluji ikiwa imeanza. Urkun ndilo jina wanaloiita safari ile. Walikufa maelfu kwa maelfu, kwa risasi, kwa baridi, kwa kuporomoka na mifugo yao. Wakati wa Usovyeti mambo haya hayakuzungumzwa hadharani isipokuwa kwa namna iliyopangwa. Sasa kuna mnara wa kumbukumbu Ata-Beyit, nje ya Bishkek, na familia nyingi za Issyk-Kul na Naryn zina jina la mtu ambaye hakurudi.

Kisha wakaja Wabolsheviki na kalamu. Kuanzia 1924 waliigawa Asia ya Kati kwa mataifa. Kila taifa lilipaswa kuwa na jina, ardhi na lugha iliyosanifiwa. Warusi wa zamani walikuwa wakiwaita Wakazakhi kwa jina la Wakirgizi, na Wakirgizi wenyewe wakaitwa Wakirgizi Weusi. Kwa hiyo jimbo lililoanzishwa 1924 liliitwa la Kara-Kirgizi, kara maana yake ni nyeusi. Mwaka 1926 likawa jamhuri yenye mamlaka ya ndani, na 1936 likapandishwa kuwa jamhuri kamili ya Muungano. Sensa ya 1926 bado iliwaorodhesha Wakipchaki, Wakurama na wengine wa Fergana kama watu wa pekee. Sensa zilizofuata ziliwameza ndani ya mataifa makubwa. Hawakuhama wala hawakufa; safu zao zilifutwa tu.

Osh ulikuwa mji wa wafanyabiashara na wakulima wanaozungumza Kiuzbeki, lakini jamhuri mpya ya wafugaji ilihitaji miji na masoko, basi Osh ikawekwa upande wa Kirgizia. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kiuchumi, na wakati ule mipaka ilikuwa kama mipaka ya mikoa, mtu aliivuka bila kujua. Kuna vipande vilivyobaki vya ajabu zaidi. Sokh ni eneo la Uzbekistani lililozungukwa na Kirgizia pande zote, na karibu wakazi wake wote ni Watajiki. Ilipokuwa nchi moja, hilo lilikuwa jambo la ramani ya ofisini. Baada ya 1991 likawa suala la maji, malisho na bunduki. Jirani na huko, kwenye mpaka wa Batken, Wakirgizi na Watajiki walipigana Aprili 2021 na tena Septemba 2022, wakafa watu wengi na vijiji vikachomwa, hadi marais wa nchi hizo mbili walipotia saini mkataba wa mpaka mjini Bishkek, Machi 2025.

Wafugaji wenyewe walilazimishwa kutulia. Mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 mifugo ilichukuliwa kuingizwa kwenye mashamba ya pamoja, na wengi walichinja wanyama wao kuliko kuwatoa. Kazakhstani, jirani wa kaskazini, sera hiyohiyo ilileta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na nusu. Kirgizia haikufikia kiwango hicho, lakini kuhama kwa koo kulikoma. Aliyeendelea kupanda jailoo alipanda kama mfanyakazi wa serikali mwenye kondoo wa serikali.

Na wakati wenyeji wanakatazwa kuhama, treni zilikuwa zinawaleta wengine. Wakorea walihamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya Pasifiki 1937, wengi wakipelekwa Kazakhstani na Uzbekistani, na baadhi wakaishia hapa. Wajerumani wa Volga wakafuata 1941. Kisha 1943 na 1944 yakaletwa mataifa mazima kutoka Kaukazi: Wakarachai, Wabalkari, Wachecheni, na mwisho Waturuki wa Meskheti waliotolewa kusini mwa Georgia. Waliletwa na mabehewa ya mizigo, wakateremshwa kwenye vijiji ambavyo vyenyewe vilikuwa vinakula kwa tabu, wanaume wake wako vitani. Wazee wengi wa jamii hizo husimulia kwamba Wakirgizi waliwagawia mkate. Sioni sababu ya kuwashuku. Mtu hasahau aliyempa mkate mwaka wa 1944.

Ukijumlisha yote hayo pamoja na wahandisi, madaktari na wafanyakazi wa viwanda waliotumwa kutoka Urusi na Ukraine, unapata jedwali la 1959. Mji mkuu, wakati ule ukiitwa Frunze, ulikuwa mji wa Kirusi. Hata 1989 Wakirgizi walikuwa chini ya robo ya wakazi wake. Kijana kutoka Naryn aliyefika pale alilazimika kuzungumza Kirusi dukani na hospitalini, na kama lafudhi yake ilikuwa ya kijijini alijua hivyo kwenye uso wa muuzaji. Uchungu huo upo bado kwa watu wenye miaka 50 na kuendelea, na asiyeujua hawezi kuelewa siasa za lugha za nchi ile.

Mwaka 1991 uhuru ulikuja, na mlango ukafunguka kuelekea nje. Warusi walikuwa zaidi ya laki 9 mwaka 1989. Sasa hawafiki laki 3. Wajerumani walikuwa 101,000. Ujerumani iliwafungulia mlango kwa haki ya nasaba, na kufikia 2009 walikuwa wamebaki chini ya 10,000. Kuna kijiji cha bonde la Chuy kiitwacho Rot-Front, kilichoanzishwa 1927 na Wamenoniti kwa jina la Bergtal, ambacho kwa muda mrefu kilisikika Kijerumani cha kale barabarani. Siku hizi nyumba zake nyingi zinakaliwa na Wakirgizi.

Kwa hiyo kupanda kwa Wakirgizi kutoka asilimia 52 mwaka 1989 hadi 65 mwaka 1999 kulitokana na mambo mawili kwa pamoja: familia zao zilizaa watoto wengi, na wenzao waliondoka. Tena, walioondoka walikuwa watu wa mijini. Viwanda vilifungwa, na nchi ikawa ya kijijini zaidi kuliko ilivyokuwa chini ya Wasovyeti. Wakazi wa mijini walishuka kutoka asilimia 38 hadi 35 kati ya sensa hizo mbili. Leo bado karibu theluthi mbili ya watu wanaishi vijijini, ingawa Bishkek imevuka milioni moja na kuzungukwa na mitaa mipya ya wahamiaji wa kutoka milimani, ambako kwa miaka mingi watu wameishi bila maji ya bomba. Nako kijijini hali haikuwa rahisi. Kondoo na mbuzi waliokuwa karibu milioni 10 mwishoni mwa enzi ya Kisovyeti walipungua ndani ya miaka michache wakawa chini ya milioni 4. Waliuzwa, waliliwa, walibadilishwa kwa unga na makaa ya mawe.

Sasa Osh.

Juni 1990, muungano ulipokuwa unayumba, vijana wa Kikirgizi waliokosa viwanja vya kujenga walidai ardhi ya shamba la pamoja ambalo wakulima wake wengi walikuwa Wauzbeki. Mgogoro wa viwanja ukageuka mauaji yaliyofika hadi Uzgen, na mamia wakafa kabla jeshi halijaingia. Miaka 20 baadaye, Juni 2010, miezi miwili tu baada ya Rais Bakiyev kupinduliwa na wakati serikali ya mpito haijasimama vizuri, moto uliwaka tena Osh na Jalal-Abad. Ndani ya siku nne waliuawa zaidi ya watu 400, karibu robo tatu yao Wauzbeki. Takriban laki 4 walikimbia makwao, na kama laki moja walivuka kuingia Uzbekistani. Mitaa mizima ya Wauzbeki ilichomwa. Magari ya deraya yaliyotekwa kutoka kwa jeshi yalivunja vizuizi ambavyo wakazi walikuwa wameweka, na umati ukaingia nyuma yake. Picha za setelaiti zilionyesha maandishi makubwa ya SOS barabarani, yaliyochorwa na watu waliozingirwa ili ulimwengu uwaone kutoka juu.

Wakirgizi nao waliuawa, na wapo waliopoteza watoto ambao hawakuwa na hatia yoyote. Wapo pia Wakirgizi waliowaficha majirani zao ndani na kusimama mlangoni. Ila mizani ya haki baadaye ililalia upande mmoja: walioshtakiwa na kufungwa walikuwa kwa wingi Wauzbeki, jamii iliyokufa zaidi. Azimjan Askarov, Muuzbeki mtetezi wa haki za binadamu kutoka Bazar-Korgon, alihukumiwa kifungo cha maisha. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaka aachiliwe mwaka 2016. Hakuachiliwa. Alifia gerezani Julai 2020.

Niliwasikia watu wema kabisa, walimu na wauguzi, wakisema kwamba Wauzbeki ni wageni Osh. Hilo halina ukweli kwa namna yoyote ninayoijua ya kuupima ukweli. Mababu zao walikuwa pale kabla ya jamhuri, kabla ya Warusi, na mji ule ulikuwa na soko lao kabla mtu yeyote hajachora mpaka. Wala Mkirgizi si mgeni Osh. Babu zake walishuka pale kila msimu wa baridi na malisho ya Alay yako juu ya mji. Wote wawili ni wenyeji, kila mmoja kwa namna ya maisha yake, na jedwali la sensa halina safu ya kuliandika jambo hilo. Linaandika tu asilimia, na asiyejua zilikotoka huona mwenye nyumba na mpangaji.

Rais wa kwanza, Askar Akayev, alitembea na kaulimbiu kwamba Kirgizia ni nyumba yetu ya pamoja. Serikali za karibuni zimeweka mbele dhana ya Kyrgyz Jarany, raia wa Kirgizia, ambayo inataka utambulisho wa uraia uje kwanza. Naitakia heri dhana hiyo kwa moyo wote. Kipimo chake kiko shuleni. Tangu katikati ya muongo uliopita, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu hufanywa kwa Kikirgizi au Kirusi, na mtoto aliyesoma kwa Kiuzbeki darasa zote hana pa kuufanyia kwa lugha yake. Wazazi wengi wa Kiuzbeki wamewahamishia watoto kwenye madarasa ya Kirusi, kwa sababu Kirusi kinawapa pia njia ya kwenda kutafuta kazi. Kujifunza lugha ya taifa ni jambo jema, nami ningemshauri kila kijana wa Osh ajifunze Kikirgizi vizuri. Ila jamii ya karibu watu milioni moja haiwezi kuambiwa ni raia kamili huku lugha yake ikififia shuleni mwaka hadi mwaka.

Na wakati mjadala huo unaendelea, nchi nzima inahama upya. Mamia ya maelfu, Wakirgizi na Wauzbeki pamoja, wanafagia barabara, wanajenga maghorofa na kuendesha teksi Moscow na Yekaterinburg. Kuna miaka ambayo fedha wanazotuma nyumbani zimefika karibu theluthi ya pato la taifa. Kirgizia ilijiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia mwaka 2015 kwa sehemu kubwa ili watu hawa wafanye kazi Urusi kihalali, na bado, hasa baada ya shambulio la kigaidi la ukumbi wa Crocus karibu na Moscow mwezi Machi 2024, ambalo wengi wa walioshtakiwa walitoka Asia ya Kati, wamekuwa wakisimamishwa na polisi kwa sura zao. Vijiji vya Batken na Osh vimejaa watoto wanaolelewa na bibi. Mtoto humwita bibi mama, na mama humwona kwenye simu Ijumaa jioni.

Huko Moscow polisi hatofautishi. Mkirgizi wa Alay na Muuzbeki wa Osh husimama kwenye foleni moja ya vibali, hulala chumba kimoja, na akifa mmoja wao kwenye jengo, wenzake wote huchanga nauli ya kumrudisha Osh akazikwe.